Urafiki wa Fadhila au Urafiki wa Watu Wema?

Mfasiri anayetaka kuwaeleza wasomaji wa Kiswahili mafundisho ya Aristotle juu ya urafiki hukwama mapema sana. Mwanafalsafa huyo wa Uyunani ya kale ameugawanya urafiki katika namna tatu, na ile namna ya tatu, ambayo kwake ndiyo urafiki wa kweli, ameijenga juu ya neno la Kiyunani arete. Neno linalomjia mfasiri upesi ni "fadhila". Limekwisha kutumika kwa maana hiyo katika baadhi ya vitabu vya dini, tena asili yake ni neno lile lile walilolitumia Waarabu walipoifasiri falsafa ya Kiyunani. Basi huandika "urafiki wa fadhila", kisha huendelea na kazi yake bila wasiwasi.

Sasa na tumfikirie msomaji wake, mwalimu wa sekondari au mtumishi wa serikali, ambaye hakusoma Kiyunani wala Kiarabu. Kwake yeye fadhila ni jambo jema alilotendewa mtu na mwenzake, nalo humwachia deni la shukrani. Husema, "Sitasahau fadhila zako." Mtu asiyekumbuka mema aliyotendewa humwita mtu asiye na fadhila, na akiudhika zaidi hukumbusha kuwa fadhila ya punda ni mateke. Msomaji huyo akikuta "urafiki wa fadhila" ataelewa urafiki wa watu wanaotendeana hisani na kulipana. Lakini huo ndio urafiki ambao Aristotle ameuweka chini kuliko wote. Neno moja limelipindua fundisho zima, na wala msomaji hatajua kuwa limepinduliwa, kwa maana sentensi aliyoisoma ni Kiswahili safi.

Makala haya yanakusudia kulieleza fundisho lenyewe kwa ufupi, kuyapima maneno tuliyo nayo, na kutoa mapendekezo machache ya istilahi.

FUNDISHO LENYEWE

Aristotle alizaliwa mwaka 384 K.K. katika mji wa Stagira, kaskazini ya Ugiriki ya leo. Alipokuwa kijana wa miaka 17 hivi alikwenda Athens, akajiunga na chuo cha Plato, akakaa huko miaka ipatayo 20, mpaka Plato alipofariki mwaka 347 K.K. Mwaka 335 K.K. alirudi Athens akaanzisha chuo chake mwenyewe, Lyceum. Alifariki mwaka 322 K.K. Kitabu chake kiitwacho Ethika Nikomakea kina sehemu kumi. Haki imepewa sehemu moja, ya tano. Urafiki umepewa sehemu mbili nzima, ya nane na ya tisa.

Ugawaji huo una sababu. Aristotle aliona kuwa urafiki ndio unaoishikamanisha miji, na kwamba watunga sheria wenye busara huujali hata kuliko haki. Hoja yake ni kwamba watu walio marafiki hawana haja ya kuamuliwa kwa haki, bali watu wenye haki bado wana haja ya urafiki.

Swali lenyewe alilirithi. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Lysis, Socrates anazungumza na vijana wawili walio marafiki, Lysis na Menexenus, akiwauliza rafiki ni nani. Kila jibu linapotolewa linabomolewa, na mwishoni wanaachana bila kupata jibu, ingawa wote wanajihesabu kuwa marafiki. Aristotle alianza pale palipoachwa. Alionyesha kuwa watu hulitumia neno moja kwa mambo matatu.

Kitu hupendwa, alisema, ama kwa kuwa kinafaa, ama kwa kuwa kinapendeza, ama kwa kuwa ni chema. Kwa hiyo urafiki nao una namna tatu. Namna ya kwanza ni ya watu wanaopendana kwa ajili ya faida: mwenye duka na mteja wake, au wenyeji na wageni wanaopokeana safarini. Namna ya pili ni ya watu wanaopendana kwa ajili ya raha wanayoipata pamoja, kama vijana wanavyofanya mara nyingi. Katika namna hizi mbili mtu hampendi mwenzake kwa vile alivyo, bali hupenda anachokipata kwake. Faida ikikoma au raha ikichujuka, urafiki nao umekwisha. Aristotle hakusema kuwa namna hizi ni mbaya, wala hakukataa kuziita urafiki. Alisema tu kwamba zinaitwa hivyo kwa kufanana na ile ya tatu, na kwamba ule wa raha unafanana nayo zaidi kuliko ule wa faida.

Namna ya tatu ni ya watu walio wema na wanaolingana katika arete. Hawa humtakia kila mmoja mwenzake heri kwa ajili ya mwenzake huyo. Kila mmoja anampenda mwenziwe kwa tabia yake, na kwa kuwa tabia iliyokomaa haibadiliki upesi, urafiki huo hudumu. Tena una faida na raha ndani yake, lakini hizo si sababu ya kuwako kwake. Watu wa namna hiyo ni wachache, na urafiki wao huchukua muda mrefu kukua. Hapo Aristotle alikumbusha methali ya kwao isemayo kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Msomaji wa Kiswahili hana shida na jambo hili, kwani kwetu pia mtu aliyeishi sana husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Tofauti ni kwamba chumvi yetu hupima umri wa mtu mmoja, na ile ya Wayunani ilipima umri wa urafiki.

SAFARI YA NENO FADHILA

Yafaa kueleza kwa nini neno "fadhila" humjia mfasiri kwanza, maana si kosa la kizembe. Katika karne ya 9 Ethika ilifasiriwa kwa Kiarabu, na arete ikafasiriwa kwa neno ambalo kwetu limekuwa "fadhila". Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alilitumia neno la shina hilo hilo alipoandika juu ya mji bora na wakazi wake. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliandika kitabu juu ya malezi ya tabia ambamo fundisho la Aristotle juu ya urafiki lina sura yake. Katika lugha hiyo, basi, neno lilikuwa limefanya kazi ya falsafa kwa karne nyingi.

Shina la neno hilo kwa Kiarabu lina maana ya kuzidi au kubaki ziada. Kutokana na shina hilo yalizaliwa matawi mawili. Tawi moja ni la ubora, yaani kuwazidi wengine kwa uzuri wa tabia au kazi. Tawi la pili ni la ukarimu, yaani kumpa mwingine katika ziada uliyo nayo. Kiswahili kilipolipokea shina hili, tawi la pili ndilo lililostawi. Twasema kufadhili, ufadhili na mfadhili, na kila mtumishi wa ofisi anajua kuwa wafadhili ni watu wanaotoa fedha. Methali nayo yatuonya: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Tawi la kwanza halikufa kabisa, kwani limebaki katika neno "afadhali", ambalo hulinganisha mambo mawili na kuonyesha lililo bora. Walakini hakuna asikiaye "fadhila" akaikumbuka "afadhali".

Katika maandishi ya Kanisa Katoliki "fadhila" imekwisha kuzoeleka: imani, matumaini na mapendo huitwa fadhila za kimungu. Katika mafundisho ya Kiislamu nako husikika fadhila za mwezi wa Ramadhani, yaani ubora wake na thawabu zipatikanazo ndani yake. Matumizi hayo yana watu wake na mahali pake, wala hapana haja ya kuyagusa. Swali letu ni kama neno hilo litamfikisha msomaji wa kawaida mahali alipokusudia Aristotle. Jibu ni kwamba halitamfikisha, hasa likiunganishwa na neno "urafiki", kwa sababu kati ya marafiki fadhila ina maana moja tu inayojulikana.

ARETE NI NINI?

Kwa Wayunani arete haikuwa mali ya binadamu peke yake. Aristotle anatoa mfano wa jicho na wa farasi. Arete ya jicho hulifanya jicho liwe zuri na kazi yake ya kuona iwe nzuri. Arete ya farasi humfanya apige mbio vyema, ambebe mpandaji, na asimame imara mbele ya adui. Kila chenye kazi yake kina arete yake. Binadamu naye ana kazi yake, na arete yake ni ile hali inayomfanya awe mtu mwema na aifanye vyema kazi hiyo ya kuwa mtu.

Mfano huo ni kipimo kizuri cha istilahi. Hatuwezi kusema "fadhila ya jicho". Hatuwezi kusema "uadilifu wa farasi". "Wema wa jicho" hausemeki. Neno linalopita katika mifano yote ni "ubora": ubora wa jicho, ubora wa farasi, ubora wa mtu. Hata zile sehemu mbili ambazo Aristotle ameigawia arete ya binadamu zinaelezeka bila shida: ubora wa tabia na ubora wa akili. Ubora wa akili hupatikana zaidi kwa kufundishwa. Ubora wa tabia hupatikana kwa mazoea, kama vile mtu awavyo mwashi kwa kujenga na mpiga zeze kwa kupiga zeze. Mtu huwa shujaa kwa kutenda ya kishujaa, mpaka ushujaa ukawa hali yake. Hali hiyo iliyokaa ndani ya mtu na isiyong'oka kwa urahisi Aristotle aliiita hexis, nasi twaweza kuiita "hali ya kudumu".

Neno "uadilifu" lina wapenzi wengi, na kwa haki, kwani ni neno zuri. Lakini tunalihitaji kwa kazi nyingine. Aristotle anayo sifa ya mtu mwenye haki, dikaiosyne, ambayo kwetu ndiyo uadilifu hasa. Mfasiri akikwisha kulitoa neno hilo kwa arete yote, atakosa la kusema atakapoifikia sehemu ya tano ya kitabu. Na atakapofika kwenye hoja kwamba marafiki hawana haja ya haki, msomaji ataelewa kuwa marafiki hawana haja ya tabia njema.

Hata hivyo "ubora" nao una mpaka wake. "Urafiki wa ubora" husikika kama sifa ya bidhaa dukani. Hapa dawa ni kurudi kwa Aristotle mwenyewe, ambaye huutaja urafiki huu kwa watu wake: ni urafiki wa watu wema. Nasi tuseme hivyo hivyo. Tusiseme "urafiki wa wema", kwa sababu "wema" peke yake huweza kuwa kitendo, kama tunavyoambiwa tutende wema twende zetu. Hapo tutakuwa tumerudi kwenye hisani. Tukisema "watu wema", wema umekaa ndani ya mtu, na hapo ndipo Aristotle alipouweka.

PHILIA NA UPANA WAKE

Neno philia lenyewe ni pana kuliko "urafiki". Aristotle analitumia kwa mzazi na mwana, kwa mume na mke, kwa ndugu, kwa raia wa mji mmoja, kwa askari wa kikosi kimoja na kwa watu waliosafiri katika chombo kimoja. Anawataja hata akina mama wanaowatoa watoto wao kulelewa na wengine, wakaendelea kuwapenda bila kutaraji kupendwa, mradi wawaone wanastawi.

Je, mfasiri abadili neno kila mahali? "Upendo" umekwisha kushika kazi nzito katika Biblia ya Kiswahili. "Mapenzi" katika usemi wa kila siku huelekea kwenye ashiki, ambayo Wayunani waliipa jina lake, eros. Zaidi ya hayo, hoja ya Aristotle yategemea neno kubaki moja. Anazilinganisha serikali na jamaa, akisema kuwa utawala wa mfalme mwema unafanana na uhusiano wa baba na wanawe, na kwamba utawala wa jeuri hauna philia ndani yake au unayo kidogo sana. Neno likibadilika katikati ya hoja, ulinganisho unavunjika. Shauri letu ni kulishika neno "urafiki" mwanzo hadi mwisho, likiongezewa sifa panapohitajika: urafiki wa jamaa, urafiki wa raia. Mfasiri aeleze upana huo mara moja, mwanzoni. Hili halilazimishi lugha kupita kiasi, kwani "rafiki" kwa asili yake ya Kiarabu ni mwenzi wa safari. Yule abiria wa chombo kimoja hakukosa jina kwetu.

MNYAMBULIKO -ANA NA METHALI YETU

Kuna mahali ambapo Kiswahili chamrahisishia mfasiri kazi. Aristotle anasema kuwa kupenda peke yake si urafiki. Mtu aweza kuipenda divai, lakini hakuna anayeitakia divai heri, isipokuwa hutaka isiharibike ili apate kuinywa. Urafiki wahitaji mambo matatu: kila mmoja amtakie mwenzake heri, jambo hilo liwe la pande zote mbili, na kila upande ujue. Kiyunani kililazimika kuunda neno refu kwa ajili ya kupenda kwa pande mbili. Sisi tunaongeza -ana tu: kupendana, kutakiana heri, kujuana. Mwanafunzi wa Kiswahili ameubeba mnyambuliko huo tangu utotoni. Mwalimu akimwonyesha, amekwisha kumweleza nusu ya fundisho.

Mnyambuliko huo huo unatupatia jina la namna ya kwanza: urafiki wa kufaana. Namna ya pili na iwe urafiki wa kufurahishana.

Msomaji makini atauliza: mbona methali yetu yasema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki? Je, wahenga wetu waliuweka urafiki katika kufaana? Neno la kuangalia hapo ni "dhiki". Mtu aliye katika dhiki hana cha kulipa. Anayemfaa wakati huo hafuati faida, kwa kuwa faida haipo. Methali haisemi kuwa kufaa ndiko sababu ya urafiki. Yasema kuwa ndiko alama ya kumtambulia rafiki. Aristotle naye alisema kuwa urafiki wa faida hufa faida inapokwisha. Basi yule abakiye wakati huo ameonyesha kuwa urafiki wake ulikuwa wa namna nyingine. Mwalimu anaweza kuyaweka mawili haya pamoja darasani, mradi aonyeshe tofauti kati ya sababu na alama.

Si wanafalsafa wote wa Kiyunani waliokubaliana na Aristotle. Epicurus, aliyeishi kati ya mwaka 341 na 270 K.K., aliona kuwa urafiki huanzia katika kufaana, ingawa ni jambo la kutakwa kwa ajili yake wenyewe. Istilahi zetu hazina budi kuuwezesha ubishi huo uonekane. Tukitumia "fadhila" kwa arete, msomaji atadhani Aristotle na Epicurus walikuwa wakisema jambo moja.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Huenda mtumishi wa serikali akaona kuwa haya ni mambo ya wataalamu. Na afikiri tena. Katika ofisi neno "urafiki" hutumika kila siku kufunika shughuli za kulipana fadhila: huyu alinisaidia mwaka jana, mwaka huu sharti nimpitishie lake. Aristotle aliujua uhusiano wa namna hiyo. Alisema kuwa malalamiko kati ya marafiki hutokea zaidi katika urafiki wa faida, kwa sababu kila mmoja hujiona amepunjwa. Kitabu cha maadili kikimwambia mtumishi huyo kuwa urafiki ulio juu ni "urafiki wa fadhila", kitakuwa kimeupa upendeleo jina la heshima. Kikimwambia kuwa ni urafiki wa watu wema, atajiuliza kama yeye na rafiki yake ni watu wa namna hiyo.

Uaminifu wa kufasiri unadai pia tusiifiche mipaka ya Aristotle mwenyewe. Aliandika katika mji uliokuwa na watumwa, na akamwita mtumwa chombo chenye uhai. Alisema hakuna urafiki na mtumwa kwa kuwa ni mtumwa, ila waweza kuwapo kwa kuwa ni mtu. Mfasiri asiandike "mtumishi" ili kupunguza makali. Aandike "mtumwa", na msomaji aone jinsi mwanafalsafa alivyoukaribia utu, kisha akauacha.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, twapendekeza istilahi zifuatazo:

philia: urafiki (wa jamaa, wa raia, na kadhalika)
arete: ubora
arete ya tabia: ubora wa tabia
arete ya akili: ubora wa akili
hexis: hali ya kudumu
dikaiosyne: uadilifu
eunoia: nia njema
homonoia: nia moja
philia ya faida: urafiki wa kufaana
philia ya raha: urafiki wa kufurahishana
philia ya tatu: urafiki wa watu wema

Baadhi ya maneno haya yatapingwa, na ni vyema yapingwe. "Hali ya kudumu" haituridhishi sana, na mwenye neno fupi zaidi alilete. Lakini kila neno litakaloletwa na lipimwe kwa njia ile ile tuliyoitumia hapa: lisomwe mbele ya mtu asiyejua Kiyunani, kisha aulizwe ameelewa nini.